Mbuzi Kwanza, Lori Mwisho

Kaka Hiribae,

Barua huanza kwa kuulizana hali. Sasa wewe nikuulize nini? Hujambo? Nimeliandika hilo neno, nikalifuta, nikaliandika tena mpaka karatasi ikatoboka. Basi tuliache. Ni mimi Maro, yule muuza kahawa wako. Niko hapa hapa kivukoni Garsen. Feri ipo, kamba ipo, mamba wapo na njaa zao. Wewe tu hupo.

Sikukuzika, kaka. Hilo ndilo linalonila. Maji yalikupeleka mpaka Kilelengwani, na wenye mashamba kule ndio waliokutoa, wakakuosha, wakakusalia, wakakuzika palepale, maana mto ulikuwa umemeza njia zote na maiti haingoji. Habari ilipotufikia, kaburi lako limeshakauka. Mimi niliyekula nawe sahani moja, sikukutupia hata konzi moja ya udongo. Walahi nilicheka. Watu wakanitazama, wakasema Maro kaingiwa. Nilicheka kwa sababu nilikumbuka ulivyokuwa ukinitania, "Maro, wewe siku nikifa utauza kahawa matangani kwangu." Sikuuza, kaka. Niliigawa bure. Ungeona vile ungefufuka kwa mshangao.

Sasa najua wa kwanza utakayemuuliza ni Barisa. Yuko hai. Wewe ulizama hukuona mwisho wake, basi ngoja nikueleze.

Unakumbuka asubuhi ile. Barisa katoka malishoni, mtu mzima wa Kiorma, mke na watoto, nguvu kama fahali, kaandikwa kazi siku hiyohiyo. Mto umejaa. Malori yamesimama, yule Msomali wa duka analia unga wake unalowa, wachungaji wanasukumana na ng'ombe wao. Ukaomba upewe muda umfunze kwanza. Msimamizi akasema, "Kuvuta kamba nako kunafunzwa, Hiribae? Atajifunza hukohuko majini." Ukamjibu pole pole, "Bwana, mikono ya huyu ishafunzwa. Imefunzwa na ng'ombe." Akadhani unamtukana mtu wa watu, akaamuru Barisa apande feri.

Mimi nilikuelewa, maana mikono yangu uliifundisha upya. Ulinitoa kwenye birika langu la kahawa, ukaniambia njoo uvute feri, nami nikajiona nishakuwa nahodha. Kumbe! Ukanipeleka pale penye ule mti wa mkoma, nchi kavu, ukafunga kamba kwenye mti, ukaniambia vuta. Nikavuta mti siku nzima. Wanawake wanaopita na mitungi wakafa kwa kicheko, "Maro, mti umeshafika ng'ambo?" Nilitaka kukimbia. Halafu wewe na wenzako mkaifungua kamba mtini, mkakamata ule upande wa pili, mkaunyakua ghafla bila kunambia, na mimi nikang'ang'ania nikaburutwa kwenye mchanga kama mbuzi wa Idi. Ukaja ukanisimamia juu ya kichwa, "Mkono wako umezoea kupokea tu, muuza kahawa. Haujui kuachia. Tutauzoesha."

Na ukauzoesha. Kila siku kamba inanyakuliwa, kila siku unanikumbusha, feri inazuiwa na mnyororo wake, si na mkono wako. Kazi ya mkono ni kuvuta. Kamba ikikimbia, achia. Nilikuwa nakwambia, "Kaka nimesikia, si kiziwi." Nawe unasema, "Sikio limesikia. Mkono bado." Mpaka siku moja mliinyakua nami nikiwa katikati ya hadithi ya uongo, na vidole vikafunguka vyenyewe kabla sijafikiri. Ulifurahi kama umezaa.

Hapo ndipo ukanitia majini, na hata hapo feri tupu, mto mdogo, mchanga unaonekana. Halafu mbuzi. Halafu ng'ombe. Lori mwisho wa yote. Nilikuuliza kwa nini mbuzi wananitangulia kwenye heshima, ukasema mbuzi akiogopa anapiga kelele, ng'ombe akiogopa anahama upande na feri inainama naye, lori likienda halirudi. Jifunze woga mdogo kwanza. Na ukishamaliza yote hayo ulikuwa unajifanya mjinga, unaniambia sasa nifunze mimi. Unashika kamba vibaya makusudi, unasimama vibaya, unaniuliza maswali ya kipumbavu kwa sauti ya mtu wa bara. Nilikasirika mpaka nikajua kumbe nusu ya mambo sikuyajua.

Na si wote uliwafunza hivyo. Hilo nililiona baadaye. Wapokomo wenzangu waliokulia kwenye mitumbwi, tatizo lao ni macho. Wanatazama maji badala ya kamba, basi hao ulikuwa unawafunga kitambaa usoni. Waorma ulianza nao mkononi, kwa sababu mtu anayezuia fahali huizungusha kamba kwenye kifundo cha mkono ili isimponyoke. Ulikuwa unauliza kwanza mtu alikuwa anafanya kazi gani, ndipo unajua atakosea wapi. Mimi nilidhani unapiga soga.

Basi siku ile gogo la mafuriko likatupiga ubavuni katikati ya mto. Kamba ikakimbia. Sisi wote tukaachia. Barisa akaizungusha mkononi. Ng'ombe wake alikuwa anakimbia, kaka. Ndivyo mkono wake ulivyojua. Nakuona mpaka sasa unavyomrukia, unamkumbatia kwa nyuma, unamfungua kidole kidole huku unamwambia, "Achia ndugu yangu, achia, si ng'ombe huyo." Ukamfungua. Kamba ikarudi kama fimbo, ikakupata wewe kifuani.

Mimi niliita jina lako. Niliita tu.

Barisa alirudi kwake bila kuchukua hata shuka lake. Kifundo kimepona, kimebaki na alama kama bangili. Mkewe alikuja kwangu akaniambia, "Anakaa anatazama mkono wake tu. Anasema ndio uliomuua Hiribae."

Halafu wakaniweka mimi mahali pako. Mimi! Hata mamba walicheka. Na mwezi uliopita msimamizi akaleta watu wapya, wengine Wapokomo wa Kinakomba, wengine wa malishoni, na malori yamepanga foleni tena, honi juu. Akaniambia, "Maro, uwatie kazini, mto umetulia." Nikautafuta ule upole wako wa kuongea, sikuupata. Nikakaa chini juu ya mnyororo. Nikamwambia, "Bwana, hawa hawajavuta mti. Feri haiendi." Dereva mmoja akanitukana mama yangu na nyanya yangu. Nikamwambia asisahau shangazi. Nilijua naweza kufukuzwa, kaka. Kazi hii ndiyo ugali wa watoto wangu. Msimamizi akanitazama, akautazama mto pale ulipopotelea, akasema, "Hiribae naye alikuwa akitaka muda gani?" Nikasema mpaka mkono ufunguke wenyewe. Akaenda kukaa kwenye pipa kungoja.

Wale wa zamani wakavusha malori, nami nikawapeleka wapya kwenye mkoma. Lakini kwanza nilikwenda malishoni kumfuata Barisa. Nilimwambia, "Huo mkono unaoutazama, njoo uwaonyeshe watu." Alikataa. Nikatia utani, hakucheka. Mwisho nikalia, na hapo ndipo akainuka.

Akasimama mbele yao akawaonyesha ile alama. "Mimi nilishika hivi," akasema. "Msishike hivi." Halafu akaomba na yeye afunzwe, tangu mwanzo. Amevuta mti na wageni, mtu mzima, wanawake wakimcheka. Jana tuliinyakua kamba wakati anamwita mwanawe. Kaka, vidole vilifunguka! Vilifunguka vyenyewe. Akabaki ameinua mkono mtupu hewani, anautazama.

Haya. Kahawa inapoa na karatasi inaisha. Hakuna mtu atakayevuta feri hii kabla ya mkoma, nikiwa hai. Hilo lichukue ulale nalo. Mbuzi kwanza, lori mwisho.

Maji yakishuka naja Kilelengwani kwa mtumbwi. Nitachota udongo wa pale mkomani, uliokanyagwa na kila uliyemfunza, nikuletee ile konzi yangu niliyochelewa nayo. Barisa amesema anakuja nami, na ataubeba yeye. Nimempa heshima hiyo. Tukifika juu yako, ataufungua mkono.

Pumzika, kaka yangu.

Maro, wa kivukoni