Mbuzi Saba wa Ikutha

Mwaitu,

Mama yangu, nimerudi shule. Najua ungecheka, maana ni mimi niliyekuwa nikijificha kwenye mtama siku za mtihani wa hesabu. Sasa nina miaka arobaini na tatu na miwani ya kusomea, na kila Jumamosi nakaa kwenye benchi la ukumbi wa kanisa hapa mjini Wote na kina mama wa kikundi, tukifundishwa namna ya kukinga mali dhidi ya hatari. Nilihamishia cherehani yangu huku, karibu na mjomba, baada ya kukuzika. Nyumba yako sikuiweza. Mwalimu wetu ni mdogo kuliko kifungua mimba wangu, anatuita "wanafunzi wangu", na sisi tunaitika.

Somo la kwanza lilinivunja. Aliandika ubaoni: kutawanya hatari. Akaeleza kwamba mtu asiweke kila alicho nacho mahali pamoja, kwa sababu baya likifika hapo linapata vyote. Wenzangu waliandika. Mimi nilitoka nje nikasimama kando ya tangi la maji nikalia mpaka kamasi zikanitoka. Somo hilo ulinifundisha wewe, bure, miaka yote, na mimi nikakuita mshamba.

Mbuzi wako walikaa kwa watu. Wengine kwa mjomba huku Wote, wengine kwa Mzee Kilonzo wa Ikutha, rika lako, na nyumbani Mutomo tulikuwa na wanne tu wa maziwa ya chai. Anayekutunzia anakunywa maziwa, na mara moja moja unampa mtoto wa mbuzi. Ndivyo alivyofanya mama yako, na mama yake. Hesabu kamili uliijua wewe peke yako. Mimi niliona aibu tupu: watu wanapita, wanaona boma la mbuzi wanne, wanadhani sisi ni maskini. Nilikuambia hivyo nikiwa nimesimama mlangoni, mikono kiunoni, na wewe ukaendelea kuchambua ndengu bila kuinua kichwa. "Mbuzi si za kuonyesha majirani, Mbinya. Hapa kwetu mvua hainyeshei watu wote siku moja. Ugonjwa nayo ni hivyo hivyo."

Sikusikia. Nilijenga boma la mabati, nikakodi pikapu, nikawazungukia wote waliokutunzia nikakusanya. Siku mbuzi waliposhuka nilipiga picha nikaweka kwenye status. Majirani walikuja kuangalia. Kwa miezi mitatu nilikuwa mtu.

Halafu mmoja akaanza kukohoa. Daktari wa mifugo alisema ni homa ya mapafu, na kwamba nilikuwa nimewabananisha. Mwezi haukuisha tulikuwa tumebaki na watatu, na hao hakuna aliyetaka kuwanunua. Hukunisema hata neno. Ulichukua jembe ukanisaidia kuchimba shimo, ukaniambia nivae viatu, miiba isinichome. Afadhali ungenitukana, Mwaitu. Ningekuwa na kitu cha kukujibu.

Ndipo tumbo lako likaanza kukuuma. Kumbe lilianza zamani, ila ulikuwa ukisema ni gesi na kutafuna tangawizi. Siku ya kukupeleka hospitali nilikushika kiunoni nikupandishe kwenye gari, nikahisi mifupa mitupu. Tukaambiwa kuna kipimo cha kufanywa Nairobi, na pengine upasuaji, na kwamba tusichelewe. Zamani ungesema tu, uzeni wale wa Wote. Hakukuwa tena na wa Wote. Nilizunguka nikichangisha, kanisani, sokoni, kwa binamu ambao sikuwa nimewasalimia miaka. Mchango ulipotimia, tuliununulia jeneza.

Majuto ni mjukuu, wanasema. Wangu alikuja akiwa mtu mzima, akahamia ndani kabisa. Nilijua ni mimi niliyekuua.

Wiki ya tatu baada ya mazishi, Mzee Kilonzo alikuja. Alikunywa chai yake yote kwanza, akafuta mdomo, ndipo akasema. "Mbinya, kuna mbuzi saba huko kwangu. Ni zako. Ile siku ulikuja na pikapu, mama yako alikuwa amenipigia asubuhi. Aliniambia nikupatie wengine, hawa saba nipeleke malishoni mpaka uende. Alisema, huyu msichana ni mzuri lakini hajawahi kuanguka. Akianguka, wacha apate mahali pa kushika."

Nilidhani amemaliza. Akasema, "Nikasikia amegonjeka, nikampigia. Nikamwambia tuuze hizi. Akakataa. Akasema hizo si zangu tena, ni za mtoto."

Mwaitu. Mbuzi saba. Zingetosha? Sijui. Pesa za kipimo zingetosha. Nilikuchukia siku mbili nzima, nisamehe, na hata sasa ninapoandika hasira haijaisha. Nani alikuambia mimi ningechagua mbuzi?

Jumamosi iliyopita mwalimu alitugawia karatasi. Andika ulivyo navyo, akasema, kisha utie alama penye kile ambacho kikipotea hakirudi. Hicho ndicho ulinde kwanza. Mama mmoja aliandika shamba, mwingine cherehani, mwingine ng'ombe wa mahari ya binti yake. Mimi nilikaa na kalamu mkononi nikikuwaza. Wewe ulijikinga na ukame, ulijikinga na ugonjwa wa mifugo, hata ujinga wangu uliukatia bima. Lakini kwenye karatasi yako hukuandika jina lako. Niliandika jina lako kwenye yangu, nikatia alama.

Kati ya wale saba, wanne nimewaacha kwa Mzee Kilonzo, watatu nimeleta kwa mjomba. Boma nimelibomoa. Watoto wangu wanajua kila mbuzi yuko wapi na kwa nani, maana sitaki mtu aje kuwanong'oneza siri mimi nikiwa chini ya udongo.

Nakuaga sasa, Mwaitu, kwa ahadi moja. Nikiumwa, nitasema siku hiyo hiyo. Nitawaambia wanangu wanipeleke, na ikibidi kuuza tutauza mpaka wa mwisho, na hakuna atakayenyamaza kwa kunihurumia mimi au kuhurumia mali. Lala salama. Laiti ungeniuliza. Ningewauza wote saba.

Mwanao,
Mbinya