Chuma cha Kunyolea cha Baba Kiprono

Kimumu, Eldoret
Jumapili mchana

Mke wangu Mwende,

Nimeandika "mke wangu" kisha nikaweka kalamu chini nikayatazama hayo maneno muda mrefu, kama mtoto aliyenunuliwa viatu vipya. Bado sijayazoea. Mke wangu! Umeamkaje, mke wangu? Kile kikohozi kimeisha kweli, au kinaisha tu ukisikia sauti yangu kwa simu? Na mama mkwe, goti linamsumbua bado? Mimi mwili wangu ni mzima. Huku ni baridi, mvua inaanza mchana na kuacha inapotaka yenyewe, na hamu yangu kwako haiachi hata ikitaka.

Najua umenikasirikia. Alhamisi nilikwambia nina habari kisha nikakataa kuisema, ukaniita majina ambayo sitayaandika hapa. Lakini ni wewe uliyeomba barua ya karatasi, ya kuweka chini ya mto, nami nikaona hii ndiyo habari ya karatasi. Tafadhali usiruke mpaka mwisho. Nakujua.

Unakumbuka alivyosema baba mkwe jioni ile ya harusi, wageni walipokuwa wakitafuta viatu vyao? "Binti nimekupa, Kioko. Lakini haendi kuishi kwa kazi ya majaribio. Ukiandikwa kabisa, njoo umchukue." Sikubishana naye, na hata leo simlaumu. Lakini niliondoka mji wa Wote kabla nguo zetu za harusi hazijafuliwa, na tangu siku ile, kila nilipofika mlangoni mwa kiwanda sikuwa nimekuja kusindika maziwa. Nilikuwa nimekuja kukuchukua wewe.

Sasa nikueleze nilichokuwa nakificha kwa simu ili usikose usingizi. Nilikaribia sana kufukuzwa, na sababu ilikuwa ndevu zangu.

Kwenye chumba cha maziwa hakuna mwanamume anayeingia na ndevu, wala na kidonda usoni. Madam Jeruto, msimamizi wetu, husimama mlangoni na gambuti zake nyeupe akikagua videvu kama mtu anayenunua ng'ombe. Wewe ndevu zangu unazijua. Zinajikunja na kurudi ndani ya ngozi. Wewe mwenyewe ulikuwa unapitisha vidole hapa shingoni unasema, "Hapa umepanda njugu." Nikienda kwa kinyozi, mashine inaacha vishina, Madam ananirudisha. Nikitumia zile nyembe za plastiki za kutupa, nachubuka na kutoka vipele.

"Kioko, hii ni nini?"

"Ni vipele, Madam."

"Vipele vinaruhusiwa kuingia kwa maziwa?"

"Haviruhusiwi, Madam."

"Basi na wewe kaa navyo huko nje."

Nikapelekwa kuosha kreti uani, na maji ya hapa, Mwende, yanauma mifupa. Wenzangu wakipita walikuwa wananicheka. "Mkamba amepigana na paka tena!" "Na paka ameshinda!" Nilicheka nao. Lakini kuosha kreti si kazi ya kumfanya mtu aandikwe, na mimi nilijua hivyo.

Unajua kilichoniuma zaidi? Kioo changu ni kidogo, kinaonyesha nusu ya uso kwa wakati mmoja. Nikitazama shavu la kushoto, la kulia sijui likoje. Ningekuwa nawe ungeniambia, "Geuka, umeacha hapa." Huku hakuna mtu anayeutazama uso wangu isipokuwa anayetafuta makosa.

Aliyeniona ni mwenye nyumba wangu, Mama Kiprono. Ni mjane, mtoto wake Kiprono yuko Nairobi, na hapa amebaki na ng'ombe wake na sisi wapangaji. Asubuhi moja nilikuwa kwenye tangi nikiosha damu shingoni.

"Wewe Mkamba, nani amekuchinja?"

"Ni wembe, Mama."

"Wembe gani? Wa kukata kucha?"

Akaingia ndani akarudi na kitu kimefungwa kwa kitambaa. Ni chuma kizito cha kunyolea, kifupi, cha rangi ya shaba pale ambapo mng'ao umetoka. Kichwa chake kinafunguka kama mdomo wa chura, na ndani unaingia wembe mmoja, wenye makali upande mmoja tu na mgongo mnene upande wa pili. Kilikuwa cha marehemu mume wake. Baba wa huyo marehemu alikipata kwa mzungu aliyekuwa akihama shamba upande wa Moi's Bridge. Akanikabidhi, akaniambia nikichemshie maji, nikitunze.

Nilifurahi jinsi ambavyo unaijua furaha yangu, bila kuuliza swali. Sikuuliza wembe wake unapatikana wapi. Nikazunguka maduka mjini, kila mahali wananipa zile nyembamba zenye makali pande mbili, hazishiki. Mwishowe nikaingia duka la vifaa vya ujenzi, nikaona pakiti ya nyembe zenye mgongo mnene, umbo lilelile kabisa. Nikanunua. Nilijiona mwerevu njia nzima mpaka Kimumu. Mpenzi wangu, zile ni nyembe za mafundi wa rangi. Ni za kukwangulia rangi kwenye vioo vya madirisha!

Zinaingia kwenye chuma vizuri sana. Zinaingia na kwenye shavu vizuri sana. Asubuhi hiyo nilifika kiwandani na vipande vya karatasi ya choo vimenigandia usoni mwote, na Madam Jeruto akavitazama kimoja kimoja. Kisha akasema polepole, "Kioko, wewe ni mfanyakazi mzuri. Mwisho wa mwezi naandika majina ya watu wa kubaki. Siwezi kuandika jina la mtu ambaye hawezi kupita huu mlango." Akanipa siku za kukaa nyumbani nipone.

Nilitembea nikirudi na nikawa naona uso wa baba yako. Nikaona nakuja Wote mikono mitupu, nakaribishwa chai kama mgeni, kisha wewe unabaki kwenu na mimi naenda kwetu. Sikukupigia simu siku hiyo. Ulisema nilizima. Nilikuwa nimekaa kitandani na koti, naangalia mvua.

Mama Kiprono aliposikia habari ya duka la vifaa alicheka mpaka akashika mlango. "Ati rangi ya dirisha! Ulitaka kupaka uso rangi mpya?" Kisha akaona sicheki. Akaacha kucheka. Akaingia chumbani kwake akakaa huko kiasi, akatoka na kopo la zamani la majani ya chai. Ndani kulikuwa na nyembe halisi, kila moja imefungwa kwa karatasi yake yenye nta, hazijaguswa.

"Hizi zilibaki wakati alienda," akasema. "Nilikuwa naziweka tu. Hata sijui nilikuwa naziwekea nani."

"Mama, siwezi kuchukua."

"Chukua. Ndevu zake alienda nazo."

Hapo ndipo nilijua ni yeye aliyekuwa akimnyoa. Mkono wa Mzee ulianza kutetemeka akiwa bado na nguvu zake, naye mama akawa anamnyoa kila asubuhi kabla ya kukamua. Akaniambia hawakuwa wanaongea wakati huo. Mzee alikuwa anamwangalia tu, na yeye anaangalia wembe. "Hiyo ndiyo ilikuwa saa yetu," akasema, kisha akaanza kunifokea juu ya maji ya moto, ili tusiendelee na hiyo habari. Mwende, nilimwonea wivu mtu aliyekufa.

Lakini mimi hakunishika uso. "Wewe ni rika ya Kiprono," akasema. "Mimi siwezi kushika uso ya kijana kama mtoto wangu. Si heshima." Akafikiri. Akaenda jikoni akaleta kibuyu kipya cha mursik, yale maziwa yao ya kugandisha, ambacho kilikuwa hakijatiwa maziwa bado, chenye shingo ndefu. "Huyu hana shida ya heshima. Nyoa huyu."

Basi mwazie mume wako: amekaa kwenye kigoda uani, ng'ombe wanatazama, anapaka kibuyu sabuni kwa burashi na kukinyoa povu.

"Laza kichwa ya chuma. Laza! Unachonga mwiko?"

"Nimelaza, Mama."

"Umesimamisha. Lazima ilale kama mtu amechoka. Na usisukume, iko na uzito yake, wacha hiyo uzito ifanye kazi. Sikia hiyo sauti? Ikilia hivyo, umekata mtu."

"Nimekata kibuyu."

"Madam yako ataona umejikata. Anza tena."

Nilinyoa kibuyu kile mpaka sabuni ikaisha. Shingo ndiyo ilikuwa ngumu, mahali inapojipinda. Kila nikikosea Mama anapiga ulimi, nami napaka povu upya. Alitaka nisikie sauti ya povu tu likiondoka, laini, bila mkwaruzo. Aliporidhika alisema, "Sasa wewe ngoja upone. Ukipona, fuata ndevu vile zinalala, usizipinge. Njia moja tu. Usirudi juu hata kama unaona umebakisha." Hapo ndipo makosa yangu yote yalikuwa, mke wangu. Mimi nilikuwa narudi juu. Nilitaka kumaliza kila kitu mara moja.

Nikapona. Asubuhi ya kwanza nilichemsha maji kwa sufuria ile uliyonipa, nikaweka taulo ya moto usoni, nikavuta ngozi kwa vidole. Nilinyoa polepole, nusu ya uso, nikasogeza kioo, nusu nyingine. Nikapapasa kwa kiganja. Hakukuwa na njugu, Mwende. Nilibaki na kiganja changu shavuni, nikajua ni kiganja changu tu.

Madam Jeruto aliniangalia upande huu, akaniangalia upande ule, akaniambia niinue kidevu. "Ingia," akasema. Kesho yake tena, "Ingia." Na keshokutwa. Kila asubuhi niliamka mapema zaidi ya lazima, na nitakwambia ukweli, hiyo saa ya maji ya moto ndiyo saa pekee ambayo sikuhisi niko mbali sana. Naongea nawe humo. Nakueleza nitakayofanya siku hiyo. Kisha namwaga maji na nyumba inakuwa kimya tena.

Alhamisi Madam akaniita ofisini.

"Kioko, umeandikwa. Una bibi?"

Nikamwambia ninaye. Nikamwambia jina lako, na kwamba uliimba kwaya, na kwamba unacheka kabla ya kumaliza hadithi, na baba yako alivyosema.

"Kijana," akasema, "nilitaka ndiyo ama la." Lakini alikuwa anatabasamu, na huyo mama hatabasamu.

Nimeandikwa, mke wangu! Soma tena. Nimeandikwa!

Usimwambie baba mkwe. Nitakuja na baba mdogo mwishoni mwa mwezi huu ulioanza, tukae mbele yake, nimwambie kwa mdomo wangu kama inavyofaa. Wewe kaa kama hujui kitu, lakini anza kukusanya masweta. Msalimie mama mkwe, mwambie nimempatia mahali pa mafuta mazuri ya goti. Msalimie Mutheu dada yako, mwambie aache kusoma barua za watu. Msalimie mjomba aliyecheza mpaka akavunja kiti, na mama yangu ukienda sokoni umpitie, umshikie mkono kwa niaba yangu.

Nilipomwambia Mama Kiprono alipiga vigelegele peke yake pale uani mpaka jirani akachungulia. Kisha bila kuniuliza akaanza kutoa magunia ya mahindi kwenye chumba kilichoungana na changu. "Watu wawili hawawezi kukaa kwa hicho kiboksi," akasema. Tumemaliza kuyatoa leo baada ya kanisa. Nimefagia, nimefungua dirisha. Ni chumba kitupu kabisa, kina vumbi la mahindi na mwanga mzuri wa asubuhi. Mama alipoenda kwa ng'ombe nilifunga mlango, nikasimama katikati, nikaita jina lako kwa sauti, ili nisikie litakavyosikika humo ndani.

Limesikika vizuri. Njoo uitike.

Mume wako anayekupenda kupita kiasi na haoni haya,
Kioko