Titi la Kigogo na Ugonjwa wa Wazungu

Mpendwa Shangazi Ruthu, shikamoo. Naomba msaada, maana kimbelembele changu kinakaribia kumponza dada yangu. Mimi ni mpiga chapa katika ofisi moja hapa mjini, na dada yangu Penina, mwenye miaka thelathini na tisa, analima karanga Chamwino, na mwezi uliopita alipokuja kwangu Makole akanionyesha uvimbe kwenye titi, mgumu kama punje ya hindi, hauumi, nikamwambia twende hospitali, akacheka mpaka akashika ukuta, akasema, “Kansa ya titi ni ugonjwa wa wazungu. Hili langu ni titi la Kigogo, limenyonyesha watoto watano, halijui mambo ya Ulaya,” basi mimi kwa kutaka kumshinda nikatoa gazeti la Kimarekani nililolipata kwenye meza ya mitumba, nikamsomea kwa Kiingereza changu cha kidato cha nne kwamba huko wanawake weusi wanakufa zaidi kwa kansa hiyo kuliko weupe, na uvimbe wao mara nyingi ni mkali zaidi na huwapata wangali vijana, nikadhani atashtuka avae viatu, kumbe akasema, “Kama weusi hatuponi, hospitali nikafanye nini? Niache nivune karanga zangu,” na tangu siku hiyo anagawa vitenge vyake, mimi kanipa kile cha njano, na Shangazi, sikufichi, nilikipokea kwa sababu ni kizuri. Sasa nalia ofisini, barua za bosi nazikosea. Nimwambie nini?

Evodia, Makole

Evodia mwanangu, marahaba. Kwanza rudisha kitenge, huna haya! Pili, gazeti ulilisoma nusu. Ni kweli uvimbe ule mkali, unaokua upesi, huwapata weusi zaidi. Lakini wengi wanakufa kwa sababu wanafika hospitali wamechelewa, au wakifika hawatibiwi kama wenzao. Rangi ya ngozi si hukumu. Uvimbe ukiwa na mbio, na wewe unakimbia, hukai chini kugawa nguo.

Hayo nilikuandikia siku ileile barua yako ilipofika, maana ugonjwa hausubiri gazeti letu litoke. Wasomaji nao wajue kilichofuata. Evodia alirudisha kitenge, akamsomea dada yake jibu langu, na Jumatatu akaingia ofisini kwangu na mama mrefu mwenye kilemba, ambaye alinitazama juu mpaka chini.

“Ndiye wewe Shangazi Ruthu? Mbona mfupi hivi?”

“Penina, ukitaka kunitukana vizuri, tuongee njiani.”

Tukaenda hospitali watatu. Daktari alichukua kipande cha uvimbe, kikapimwa, majibu yakaja: kansa kweli, ila changa, haijasambaa. Penina alimshika mdogo wake mkono, akauliza jambo moja tu.

“Nimechelewa?”

“Hapana, mama. Umewahi.”

Ameshafanyiwa upasuaji, na wauguzi wanalalamika kwamba anaifundisha wodi nzima nyimbo za mavuno.

Sasa wewe, Evodia. Usidhani kazi imekwisha. Dada yako anarudi kliniki Alhamisi ijayo, na matibabu bado ni marefu. Omba ruhusa kwa bosi leo, msindikize, ingia naye ndani daktari anapoongea, uandike anachosema. Wewe na Penina ni tumbo moja. Kwa hiyo akimaliza yeye, usitoke. Vua blauzi, upimwe na wewe.