Kamera ya Ukumbi wa Juu

Malindi,
Jumapili, baada ya alasiri.

Kwa kaka yangu Farjallah,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Shikamoo kaka. Natumai waraka huu utakukuta hapo Maskati ukiwa mzima, kifua hakikusumbui tena na joto la huko limekupunguzia makali. Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Mama anakusalimu sana. Miguu yake bado haimpandishi ngazi, lakini ulimi haujapata maradhi yoyote, na kila apitaye dirishani hupata fungu lake. Juzi alimwuliza muuza samaki kama samaki wale aliwavua yeye au aliwarithi.

Utashangaa nimekuandikia kwa kalamu, ilhali kila chumba cha nyumba hii kina mtandao nilioutandaza mwenyewe. Sababu ni wewe. Kwenye simu hunikata kabla sijamaliza neno, na ujumbe wa sauti huwarushia mashangazi wote kabla hujausikiliza hadi mwisho. Barua huwezi kuikatiza. Nimempa Wafa, binti wa jirani, anayerudi kwa mumewe huko, nikamwambia akukabidhi mkononi. Kaa kitako basi, unisikilize.

Naanza na habari za nyumba, kwa kuwa hujaniuliza hata siku moja kazi ile ilikwendaje. Uliniletea kasha la waya, swichi ya kugawa mtandao na kamera mbili kwa meli, ukasema kuwa ikiwa nawafungia Wazungu mitandao mahotelini, sitashindwa kufunga kwetu. Ahsante hukusema, wala sikuitarajia. Kwa hakika nyumba ilihitaji. Babu alijenga kwa mawe ya matumbawe, kuta pana hata mtoto aweza kulala juu ya kizingiti cha dirisha asianguke, na mawimbi ya ruta iliyokuwa sebuleni yalikuwa yakifia kwenye ukuta wa kwanza. Mkeo Kulthum alikuwa akitaka kuzungumza nawe hushuka nusu ya ngazi, akakaa pale katikati kama mtu aliyefukuzwa juu na hajakaribishwa chini.

Nilimwita Kahonzi, fundi wa mawe wa Ganda, tukatoboa. Jiwe la matumbawe lina inda: hapa linamomonyoka lenyewe, hatua moja mbele linavunja ncha ya drili. Nyumba nzima ilijaa vumbi jeupe, na Mama akawa anakohoa kwa makusudi kila tukipita. Waya niliupitisha juu ya boriti, nikaushusha ukutani ndani ya mifereji ya plastiki, nikaipaka chokaa ifanane na ukuta. Halafu ikaja kazi ya kubana vichwa. Ndani ya waya mmoja mna nyuzi nane, kila moja na rangi yake na mahali pake, na ukikosea mbili tu chumba kizima huwa bubu. Kulthum ndiye aliyenishikia tochi. Alizijua rangi zile kwa mpangilio wake akawa anazisoma kwa sauti huku mimi nikibana, na nikikosea alinikosoa. Alinipikia chai ya tangawizi, akanipangusa vumbi machoni kwa upindo wa leso yake. Nakwambia haya ili ujue kuwa sikuwa na kinyongo naye. Nilimpenda, na bado nampenda.

Kamera ya kwanza niliifunga mlango wa nje, ya pili ukumbi wa juu ikitazama mlango wa chumba chenu, kama ulivyoagiza. Ulisema ni kwa ajili ya wezi. Mama aliuliza ni mwizi gani huyo aanzaye kuiba ghorofani, ukajifanya husikii. Kamera zenyewe hula umeme kupitia waya uleule wa mtandao, kwa hiyo waya ukikatika, jicho nalo linafumba. Na waya wa hiyo ya juu unapita karibu na mlango wenu. Mtu akinyoosha mkono anaufikia. Tangu siku ile Kulthum akawa anakwenda kuoga amejifunga leso mpaka puani, ndani ya nyumba ya mumewe.

Kamera ilipozimika mara ya kwanza, ilikuwa chumvi. Hewa ya bahari ilikuwa imekwisha kula kile kichwa cha waya, nikakiona kimeota kutu ya kijani, nikakibadilisha. Ulinipigia umepandwa na hasira, ukataka kujua kwa nini ukumbi ulikuwa giza alasiri nzima. Jibu nilikuwa nalo kiganjani, kile kichwa kilichooza. Nikakwambia umwulize mkeo.

Sikulipanga neno lile. Lilitoka. Lakini nilipoona lilivyokuchoma, nikajua nimepata kitu.

Unamkumbuka Yaseen? Usijibu upesi. Yaseen wa Ganda, mwalimu, aliyetaka kunioa. Baba amekwisha kufa, walii wangu ni wewe, na bila neno lako hakuna nikahi. Wazee wake walikuja wamevaa kanzu zao za Idi, wakakaa sebuleni, simu ikawekwa mezani na sauti ikafunguliwa ili wote wakusikie. Wakakusikia. Ulisema: "Hatuna mwanamke wa kuwapa watu wa mashamba." Ami yake Yaseen alimaliza kahawa yake taratibu, akamshukuru Mama kwa ukarimu, wakaondoka. Ningeweza kwenda kwa kadhi anioze yeye, lakini Mama alinishika miguu akaniomba nisimfikishe kaka yangu mahakamani. Nikamsikiliza Mama. Yaseen alingoja, kisha akaacha kungoja, na sasa ana mke na watoto pacha. Wewe siku ya pili ulinitumia picha ya gari lako jipya, ukaniuliza rangi yake naionaje.

Basi kamera ikaanza kuzimika. Safari hizo haikuwa chumvi. Ilizimika siku ambazo mimi niko kazini hotelini, Mama yuko chini na miguu yake, na juu hakuna mtu ila Kulthum. Kila ukinipigia nilikuwa nasikia vyombo vya hoteli nyuma yangu, nawe ulivisikia vilevile, na sikuhitaji kujitetea. Nilisema kidogo sana. Nilisema waya ni mzima, nimeupima. Nilisema mimi si mtu wa kutia maneno kati ya mke na mume. Yaliyobaki ukayajaza mwenyewe, maana kwa kudhania maovu hujapata kushindwa.

Siku uliyomtundikia talaka nilikuwapo. Simu ilikuwa mkononi mwa Mama. Kulthum alikuwa amepiga magoti sakafuni akimsugua Mama miguu kwa mafuta ya nazi, wala hakuacha kusugua ulipokuwa ukimtukana. Ukasema, na maneno yako ninayo kama ulivyoyatamka: "Ukiizima tena kwa mkono wako, hiyo ndiyo talaka yako." Mama alijifunika uso kwa kanga. Kulthum alisema tu, "Nimesikia, mume wangu," akaendelea na mguu wa pili.

Wanaume wengine hutundika talaka kwa mlango wa nje, kwa nyumba ya shoga, kwa safari ya harusini. Wewe uliitundika kwenye waya. Na waya ule, kaka, nani aliyeufunga?

Baada ya hapo Kulthum hakuugusa tena ukuta ule hata kwa ufagio. Akahamishia mkeka wake chini ya kamera. Alichambua mchele pale, akashona pale, akaswali pale, ili usipate dakika ya kumkosa. Siku moja nilimkuta amesinzia ameegemea ukuta wa upande wa pili, nikamwambia akalale kitandani. Alikataa, akasema ukimtafuta usipomwona utaumia roho.

Kisha ikazimika ile Jumatano, baada ya adhuhuri. Yaliyofuata wayajua. Aliapa kwa msahafu, ukamwambia asiongezee dhambi. Khatibu wa msikiti alikupigia akakuuliza kama una hakika, ukamthibitishia kuwa ni mkono wake, maana nyumbani hapakuwa na mkono mwingine. Nduguze walikuja kumchukua kutoka Mambrui, na Mama alilia mpaka sauti ikamkauka. Akakusihi umrejee angali ndani ya eda, neno moja tu lingetosha. Ukasema mwanaume hali matapishi yake. Eda ikaisha.

Ijumaa iliyopita Kulthum aliolewa. Mumewe ni Huzaifa, mfanyabiashara wa vitambaa wa hukohuko Mambrui, mjane, mtu mpole anayecheka polepole. Nilikwenda kumtia hina mimi mwenyewe. Alikuwa amenenepa kidogo, uso umerudi. Chumbani kwake hakuna kamera, aliniambia hilo kabla ya kunionyesha kitanda. Alinishika mikono akanishukuru kwa kuwa, katika nyumba ile yote, mimi peke yangu sikupata kumtuhumu. Nilimwambia anyooshe vidole, hina isichafuke.

Sasa nifike kwenye lililonikalisha chini kuandika. Wiki hii umeniagiza mambo mawili. La kwanza, nikutafutie mke mwingine, mwenye haya, asiye na mikono ya udadisi. La pili, niing'oe kamera ya ukumbi wa juu niifunge mbele ya mlango wa chumba changu, maana umesikia natoka kazini nikichelewa. Mkuki kwa nguruwe, kaka. Nilipousikia ujumbe wako nilicheka hadi Mama akauliza nina nini.

Kuna kitu kuhusu ile swichi ambacho sikukwambia, kwa kuwa hukuuliza. Naiamuru kwa simu yangu nikiwa popote. Nikigusa hivi, tundu moja linafunga, na kamera iliyo mwisho wa waya ule inazimika bila mtu kuukaribia ukuta. Ndivyo nilivyokuwa nikifanya siku zote zile. Na Jumatano ile nilikuwa nimekaa nyuma ya jiko la hoteli, nimeifungua picha ya ukumbi. Kulthum alikuwa mkekani, ungo mapajani. Akainua uso akaitazama kamera, akatabasamu, akapunga mkono. Alidhani ni wewe unayemtazama. Nikamtazama mpaka akarudia mchele wake, kisha nikaizima.

Si mkono wake. Ulikuwa mkono wangu.

Nimekwenda hadi Gongoni kumwuliza shehe mmoja asiyetujua, nikamwekea kama kisa cha watu wengine. Aliniambia kuwa talaka iliyofungwa kwa mkono wa mke haiwezi kuanguka kwa mkono wa mtu mwingine, na mume aliyekiri jambo lisilokuwa hakuacha mke. Akaniuliza kama yule mwanamke amekwisha kuolewa tena. Nikasema sijui. Akasema, Mungu amwepushie.

Kwa hiyo hesabu yote iko kwako, walii wangu. Ukisema, ndoa ya juzi inabatilika, Huzaifa anaaibika, na Kulthum, ambaye hajamkosea mtu, anakuwa mwanamke aliyeingia kwa mume wa pili wa kwanza yungalipo, na watu wa Mambrui hawatangoja dalili ndipo waseme. Hata ukimpata, atakuangalia kwa macho ya siku ile ya mafuta ya nazi. Ukinyamaza, utakuwa unalala huko Maskati ukijua mkeo analala wapi, na kwamba hukumwacha. Mimi sitasema neno. Dhambi yangu naijua ukubwa wake na sikuombi msamaha, maana ukinisamehe nitaona uchungu wa kuwa nimekosa kukuumiza vya kutosha.

Kamera nimeihamisha kama ulivyoagiza. Iko mbele ya mlango wangu, inafanya kazi vizuri. Nitazame upendapo.

Mama anakuomba umletee ile dawa ya kupaka miguuni, na anasema uvae nguo nzito asubuhi, usikidharau kifua. Jirani anakusalimu, na Kahonzi pia, bado anazungumzia ncha zake za drili zilizovunjika. Kulthum hakutumii salamu. Hajui kuwa bado ni mke wako.

Wasalaam,
dada yako wa tumbo moja,
Ruwaida.