Transfoma Uliyoigeuzia Uso Nyumbani Kwetu

Mafinga,
Jumapili mchana.

Kwako mume wangu Rajabu, pumzi yangu,

Assalaam alaykum. Ukiona mwandiko umetetemeka usidhani ni mapenzi peke yake, ni baridi ya huku pia. Mimi ni mzima wa mwili. Kifua chako kimepoa? Mama mkwe goti linamwacha alale? Nauliza kwa moyo wote, maana hata nikiwa na hasira mimi ni mke wako, na leo hasira ninayo.

Naandika barua niikabidhi kwa watu wa basi kwa sababu simu unaikata. Kila nikifika kwenye neno lenyewe unasema, "Mtandao, mke wangu, mtandao!" Karatasi haina mtandao.

Rajabu, mimi bado najiona bibi harusi. Wageni wa hii nyumba ya wageni wanakuja mapokezi kuchukua funguo, wananiuliza ninachekea nini. Nawaonyesha hina iliyobaki kwenye kucha. Kila wiki inasogea mbele kidogo, karibu itaisha. Siku tatu tu za fungate, nikaitwa kazini! Bibi yangu wa Magoma, somo yangu aliyenifunda, alinishika mkono pale stendi ya Korogwe akasema, "Fungate ni siku saba, mjukuu wangu. Umekaa tatu, nne zinakungoja. Usizitupe." Nami nikalia hadi Chalinze. Wewe ndiye uliyenifuta machozi kwa simu, ukasema nne hizo tutazikaa ndani ya ule mchezo wetu wa kujenga, kila Jumapili mchana, mimi kwenye kompyuta ya mapokezi, wewe kwenye ile ya kibanda chako cha kutengeneza simu hapo Handeni. Nilikupenda siku ile kuliko siku ya ndoa, wallahi.

Nyumba yetu ya mchezoni niliijenga tofali kwa tofali, wageni wakiwa matembezini. Kitanda chekundu, dirisha la kutazama bonde, taa kumi na mbili. Ukaongeza zile nyongeza za umeme ulizopakua, na hapo ndipo nikakueleza polepole, kwa raha, kama ninakulisha. Mtambo wa kufua umeme kwa maji uko mtoni, nyumba iko kilimani. Umeme mdogo hauwezi safari ile, waya unaula kidogo kila hatua, ukifika juu hauwashi hata taa moja. Kwa hiyo mtoni tunaweka transfoma ya kuupandisha, unasafiri ukiwa mkubwa, na mlangoni tunaweka nyingine ya kuushusha, kwa sababu mashine za ndani zikipata ule mkubwa zinalipuka. Ni fizikia ileile ya shule, ila huku kosa linakulipukia papo hapo. Nikakuambia na hili: transfoma ya mlangoni ina uso mmoja wenye nukta tatu. Huo ndio unaopokea umeme mkubwa, uuelekeze mtoni. Pande tano zilizobaki ndizo zinazotoa mdogo.

"Nimeelewa, mwalimu wangu, nimeelewa!" ukasema. Nikacheka siku nzima.

Jumapili iliyofuata nilijifukiza udi, Rajabu. Udi, mbele ya kompyuta! Nikaingia nikakuta shimo. Kitanda hakuna, dirisha hakuna, ukuta wa mlangoni wote umekwenda. Nawe ukaniambia dada yako Zubeda aliigusa kompyuta ukiwa msikitini, akavuruga nyaya.

Nikakuamini. Nikampigia Zubeda, wifi yangu aliyenichotea maji ya kuoga siku zote tatu za fungate, nikamwambia, "Wewe huna mji wako, ndiyo maana unabomoa wa mwenzio." Nilimwambia hivyo mwanamke aliyeachika mwaka jana. Akasema, "Sawa, wifi," akakata.

Juzi mama mkwe alimbana Zubeda kwa nini hanitaji tena, ndipo naye akanipigia.

"Sikutaka kusema, wifi. Nilikuwa nimemletea kaka chakula, nimesimama nyuma yake. Nikamwambia, si wifi alisema nukta zitazame mtoni? Akasema, 'Uso wa kitu unageuzwaje porini kama kimenuna? Mwenye nyumba hutazamwa usoni.' Na rafiki zake waliokuwa pale kibandani wakapiga makofi: 'Huyo ndiye mume! Hafundishwi umeme na mkewe!' Akawasha. Ikalia puu! Akageuka akanitazama mimi."

Umeme mkubwa ukaingilia upande wa mdogo. Ndivyo inavyokuwa. Hilo nimekusamehe, tena nilicheka peke yangu kwenye meza ya mapokezi, kwa jinsi ulivyotaka transfoma itutazame sisi. Ni wewe kabisa, ni huyo ninayempenda. Kinachonikaba ni kwamba ulinikabidhi dada yako nimchane, ukakaa kimya wiki tatu ukiniita asali. Asali gani hii, Rajabu?

Nisalimie mama mkwe, shikamoo yake, na mzee naye. Ukipita Kilole, mama yangu usimwambie kwamba nimeandika nikilia. Bibi wa Magoma akiuliza zimebaki siku ngapi, mjibu nne. Zubeda usimpe salamu zangu. Nimeshamwomba radhi mwenyewe, akanijibu ileile, "Sawa, wifi."

Nyumba nimeijenga upya. Laini imevutwa kutoka mtoni hadi kizingitini, taa zote kumi na mbili nimezitundika. Transfoma ya mlangoni sijaiweka, ipo kwenye sanduku hapo nje. Jumapili ijayo mkalishe Zubeda kwenye kiti chako, wewe usimame nyuma yake, na rafiki zako wawepo. Waambie ni nani aliyebomoa. Kisha yeye aiweke, anajua nukta zinatazama wapi.

Nitakuwa ndani, juu ya kitanda chekundu, gizani. Taa zikiwaka, hiyo ndiyo siku yetu ya nne. Zisipowaka nitakaa hadi zamu yangu iishe, nitazima kompyuta, nitakwenda kuwapa wageni funguo zao.

Mkeo, bado kwa raha na kwa uchungu,
Mwajuma