Kapiteni mu jeu ya ndege ya Kasika

Gracien, soma mbio.

« Toa camp ya basoda mu jeu yako! »

« Mais Kavuo, acha kwanza... »

« Toa, Kasika, batakuua! »

Kasika na dada yake Kavuo balikuwa banabishana vile, kila mutu juu ya sauti ya mwingine.

Unajua ile jeu, muchezo wa ndege ya vita wa ku ordinateur. Zamani ulikuwa unafinya maboutons makumi tatu mbele ya ndege kuruka, batu banachoka, banaenda. Sasa Kasika ameacha bouton moja tu. Tena ametia muji yetu ya Beni, kijiji ya Vuhovi, hata njia za miguu zenye alipitaka na viazi ya mama. Mutu anafwata kanisa na milima yenye anajua. Salle yake ya kuchezea inajaa!

Mais ile camp ya basoda njo yenye bachezaji banapiga mabombe 😩

Donc Kapiteni wa ile camp akaingia mu salle. Ule ule mwenye alisema leo asubuhi ku radio: « Beni iko calme, mutu asikimbie. »

Akaikala, akacheza. Akaangusha ndege juu ya camp yake mwenyewe. Na mbuzi ikalia mbeee, vile inaliaka ndege ikianguka! Ile sauti ni mimi niliweka. MIMI.

Hakuna mutu alicheka.

Kapiteni akafunga mulango. Akatia kidole ku écran.

« Hizi njia za miguu, ni za kweli? »

« Ndiyo, mon capitaine. »

Akashusha sauti.

« Nionyeshe njia yenye haina barrière ya basoda mpaka Vuhovi. Muke yangu na batoto banakimbia Beni leo. »