Nukta ya Gotini

Jumatatu, 1 Machi 1976
Mjukuu wangu Mardhiya ana siku ishirini. Halii. Ananyonya kidogo, analala. Macho bado yana manjano. Bi Mwanajuma, mkunga aliyempokea, anamsifu kwa kila anayeingia: mtoto wa baraka huyu, mama yake anapumzika! Wanawake wanaitikia mashallah. Sifa hizohizo nilizisikia Pangani, miaka sitini iliyopita, juu ya mdogo wangu Kibibi. Mtulivu. Ulimi mnene, kitovu kimetokeza. Alikufa ana miaka kumi na tisa, hajapata kuniita kwa jina.

Jumatano, 3 Machi
Nimemwita Mikidadi, tabibu wa hospitali, kwa kisingizio cha kahawa. Kamshika mtoto miguu: baridi. Kasema huenda tezi ya shingo haifanyi kazi. Bila dawa ubongo hukua kwa kusuasua, na wiki ikipita haifidiki. Apelekwe Dar mara moja.

Bi Mwanajuma kang'aka. Mzazi atoke kabla ya arobaini? "Wenzenu wanaomba mtoto kama huyu, nyinyi mnamtafutia maradhi! Umesoma vitabu, Mzee Bwanausi, lakini hujawahi kuzaa." Binti yangu Zuleha akaniangalia. Nikamweleza habari za Kibibi, zote, kwa mara ya kwanza. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akainuka kutafuta buibui lake.

Ijumaa, 5 Machi
Dar. Nilidhani watapiga picha kichwa — wamepiga goti! Daktari kaiinua eksirei dirishani. Mtoto aliyetimiza miezi yake tumboni, kasema, hapa huwa na nukta nyeupe, kama punje ya mtama. Mardhiya hana. Amechelewa tangu tumboni. Na ubongo? nikauliza. Huko Uingereza, kasema, wana mtambo mpya unaoupiga picha vipande vipande. Sisi, mzee wangu, tunasoma goti. Majibu ya damu yatakuja baadaye. Dawa aanze kesho. Nikauliza kama tumechelewa. Akaandika dozi.

Njia nzima ya kurudi nimeota macho wazi: Pangani wakati wa magharibi, taa zikiwashwa nyumba moja baada ya nyingine, na mtaa mmoja bado giza.

Jumapili, 14 Machi
Siku ya tisa ya vidonge. Sasa ni Bi Mwanajuma anayevisaga, kwa mgongo wa kijiko, kisha anavichanganya na maziwa ya mama. Hasemi nami. Hakosei saa. Miguu ya mtoto ina joto — au mikono yangu ndiyo baridi?

Eksirei nimeiegemeza dirishani. Naitafuta nukta nijuayo kwamba haipo.

Alasiri. Sauti chumbani! Fupi, nzito, kama mlango usiofunguliwa siku nyingi. Zuleha anasema mtoto kakohoa tu. Bi Mwanajuma, kijiko mkononi: "Kikohozi gani! Kalia huyo!" Ndiyo kwanza aseme nami tangu tutoke Dar. Naandika nimesimama. Tuko watatu mlangoni, wala hapana anayekwenda kumbembeleza. Tunangoja alie tena —